Kichwa cha Kuhe

Wivu mimi ninao, sifichi. Nilizaliwa nao, na nilipokuwa na miaka tisa ulinipanda hasa, pale Ujiji, miaka ile ya wakimbizi, siku mama alipokwenda mwaloni kununua samaki akarudi na mtoto wa watu.

Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Akipika kuhe, yule samaki mkubwa wa ziwani, kwa mawese, tulikula sahani moja, na kichwa kilikuwa changu. Mama alikimega, akanipa macho, kisha mashavu, kisha tukanyonya mifupa kwa zamu. Nilidhani dunia nzima imepangwa hivyo.

Yule msichana alikuwa rika langu. Alikimbia Burundi, akaingilia Kagunga, kule mpakani, na katika msongamano wa maboti akapotezana na shangazi yake. Mama ni Mha wa Simbo, na Kiha na Kirundi ni ndugu, basi wakawa wanaongea jikoni na kucheka, na mimi mtoto wa mjini nimekaa pembeni na Kiswahili changu. Mama alimwita "mwana wanje". Mwanangu! Na mimi je, ni wa nani?

Siku ya kwanza ya kuhe, mama alimega kichwa akampa yeye. "Mgeni kwanza," akaniambia. Haya. Mara ya pili akampa tena. Ya tatu, tena. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, si ndivyo tunavyosema? Huyu wetu hakupewa hata ufagio.

Basi siku moja walipokwenda kuchota maji, nilifunua chungu nikala kichwa chote peke yangu, na mchuzi nikaunywa, kwa hasira, ukiwa wa moto. Tangu asubuhi viungo vilikuwa vinaniuma, sikujali. Kabla ya alasiri nikaanza kutapika. Mama akapiga magoti karibu yangu: "Umekula nini?" Sasa ona roho mbaya ilivyo. Nilimnyooshea kidole yule msichana, nikasema ameniwekea kitu kwenye chakula.

Kwetu, anayedhaniwa kalishwa sumu hunyweshwa mawese mabichi ili aitapike. Mama hakubishana. Alinibana pua, akanimiminia kikombe kizima. Nikatapika. Akaongeza cha pili. Aliyenishikia beseni ni yule yule niliyemsingizia.

Zahanati wakanipima damu, wakakuta malaria. Nesi akamwambia mama hakuna cha sumu wala nini. Mama hakunipiga. Njia nzima nilikuwa namwomba Mungu mama anipige tu yaishe. Tulipofika nyumbani alimwomba yule msichana radhi, kwa Kiha, na siku hiyo nilielewa kila kitu.

Toka hapo, nikisikia harufu ya mawese tu, tumbo linapinduka. Nilijua kabisa aliyeniangusha ni mbu, si samaki. Nenda kaliambie tumbo! Kila siku ya kuhe nilipewa maharage yangu kando, na wao wawili wakala sahani moja, wakipokezana mifupa. Mahali pangu nilipatoa mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nilikuwa nawatazama mpaka maharage yanapoa.

Ulipita kama mwaka, shangazi akapatikana kambini, akaja kumchukua. Jamani, nilivyofurahi! Nilimbebea mzigo wake mpaka barabarani, watu wakanisifu kwa moyo mzuri, kumbe nilitaka asichelewe gari.

Jioni ile mama akapika kuhe. Akaweka sahani moja, akanisogezea kichwa. Nilikitaka. Wallahi nilikitaka. Nikabana pumzi, nikamega shavu, nikatia mdomoni, nikajilazimisha kutafuna. Halikushuka. Nilikimbilia uani nikatapika hadi machozi.

Niliporudi, mama alikuwa amevuta sahani upande wake. "Acha tu, mwanangu," akasema. "Mwenzangu wa kula ameshaondoka." Alionja kidogo, kisha akanawa mikono, chakula kikabaki vile vile.

Nyumba yote ilikuwa yetu tena, mimi na mama peke yetu, na bado nilikuwa namwonea wivu yule msichana.