Malka ya Jiwe la Kulesa

Je, jiwe lina njia? Mama Maro wa Kulesa aliniuliza hivyo katika miaka ya hamsini, miguu yetu ikiwa ndani ya tope la shamba lake. Nilikuwa na digrii mpya na maoni juu ya kila kitu, lakini jibu sikuwa nalo.

Nilikwenda kwa sababu ya ubishi. Nilikuwa nikifundisha Malindi, na dereva mmoja wa lori akatuhadithia kwamba jiwe limeanguka kutoka mbinguni huko Tana, mchana kweupe. Nikasema ni radi, au ni uongo. Walimu wenzangu wakacheka: "Basi nenda ukalione, wewe usiyeamini hata kalenda." Shule ilipofungwa, nikaenda.

Tuliondoka Malindi alfajiri, mimi juu ya magunia ya chumvi. Baada ya vumbi la kutwa nzima tukafika Garsen alasiri. Mafuriko yalikuwa yamepita na mto ulikuwa ukishuka. Karibu na kivuko niliona alama za tope kwenye mashina ya miti, juu kuliko kichwa changu. Nikalala kwa mwenye duka, ambaye mkewe alitaka kujua nani kaniruhusu kusafiri peke yangu. Nikamwuliza ni nani alitakiwa kuniruhusu. Akaniongezea wali.

Asubuhi ya pili, Kulesa, kwa mtumbwi. Mwenye duka alikuwa ametanguliza habari, na Mama Maro, mwenye shamba lililoangukiwa, alikuwa ukingoni akinisubiri, mjane mrefu mwenye kijiti cha kupandia mkononi. Alinipeleka moja kwa moja shambani, kipande chembamba kinachoanzia mtoni na kupanda hadi vichakani. Mashamba ya majirani yalikuwa yameshapandwa. Lake lilikuwa tupu, na katikati palikuwa na shimo, na kando ya shimo jiwe jeusi lenye ukubwa wa figa. Nililiinua. Lilikuwa zito kupita figa lolote, na ngozi yake ilikuwa kama iliyoyeyuka ikaganda. Haikuwa radi. Hilo nililikubali papo hapo, kwa uchungu kidogo.

"Mbona hujapanda?" nikamwuliza.

"Mwulize shemeji yangu."

Shemeji yake, Komora, alikuwa amekuja nyuma yetu. Akanieleza kama anayemweleza mtoto. Wafugaji wa Orma huteremsha ng'ombe wao mtoni kiangazi kwa njia zinazojulikana, ziitwazo malka. Mkulima hapandi kwenye malka. Akipanda, mazao yakakanyagwa, hana wa kumshtaki, kwa kuwa apitaye kwa njia yake atarudi.

"Marehemu baba yangu alisikia mshindo kama huu," Komora akasema, "hapa hapa, maji yakishuka kama sasa. Hii ni mara ya pili."

"Labda ilikuwa radi," nikasema.

"Ulikuwapo?"

Sikuwapo. Mama Maro akanigeukia. "Mwalimu, mtu akikatiza shambani kwangu mara moja, ni mgeni. Akikatiza mara ya pili, ana njia. Wewe umesoma. Jiwe lina njia?"

Nilijua sayari zina njia. Juu ya mawe, mhadhiri wetu alisema sentensi moja tu, kwamba hutoka angani, kisha kengele ikalia. Nilikuwa nikijivunia kusema ukweli, basi nikausema: "Sijui."

Komora akapiga makofi. "Hata aliyesoma hajui! Shamba lisipandwe."

Ndipo nikaona nilichokifanya. Tope lilikuwa limeanza kupasuka juu. Baada ya siku mbili tatu lingekuwa gumu kama tofali, na mbegu ya mwaka mzima ya Mama Maro ingebaki kibuyuni. Bila ridhaa ya majirani hakuna ambaye angemsaidia kupanda wala kufukuza nyani.

Kabla ya adhuhuri akapita Guyo, Muorma aliyekuwa akiuza maziwa kijijini, mtani wa Mama Maro wa miaka mingi. Akasikiliza yote, akalitazama jiwe.

"Ng'ombe yangu najua malka yake," akasema. "Hii jiwe yenu hata kwato hana."

"Na ng'ombe wako hawana adabu," Mama Maro akamjibu. "Sema neno la maana au uende."

"Neno ni hii: malka inapimwa na anayepita. Ng'ombe mia, malka mkubwa. Mbuzi, malka ndogo. Huyu je?"

Mama Maro akalitwaa jiwe, akalilaza, akachomeka vijiti viwili kushoto na kulia. Upana huo akauzidisha mara tatu, "asije akabanwa," akasema, kisha akaanza kuchora mistari miwili kutoka vichakani hadi majini. Komora alitafuta la kupinga. Hakulipata, maana kanuni yake mwenyewe ilikataza kupanda kwenye malka tu. Mwishowe akacheka, akaenda kuchukua kijiti chake.

Mchana kutwa tulipanda mahindi na kunde, mimi nikidondosha mbegu na kukosea mashimo. Ujia mtupu ukabaki katikati ya shamba, mwembamba hata mimi nilipita upande upande.

Siku ya tatu nikarudi. Niliomba jiwe. Mama Maro akakataa: "Wenzake wakija, watauliza." Akanipa ndizi. Malindi nikawaambia wenzangu kwamba jiwe lipo, na kwamba kule neno "sijui" lina uzito wa kutosha kulaza shamba tupu. La pili hawakulielewa.

Nilikuwa nimeshastaafu niliposoma habari za miamba midogo inayopita karibu na dunia. Kila mmoja hulizunguka jua kwa njia yake, na vipande vilivyomeguka kutoka kwake huweza kuifuata njia hiyo hiyo. Basi jiwe lina njia. Pale njia hiyo inapoikata njia ya dunia, mwamba waweza usifike mwaka huu wala mwakani. Dunia ndiyo isiyokosa: hupita hapo kila mwaka, majuma yale yale, Tana ikishuka.