Chai ya Mama Chadia Haiponyi Presha

Mama Chadia ni mfanyabiashara wa ajabu: anauza chai ya kijani katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, huku akiwaambia wateja kwamba haiponyi ugonjwa wowote. Ukimwuliza basi inafaa nini, atakujibu kwamba inachangamsha kichwa, inaushinda mbali ule utamu wa soda, na ukiinywa kila siku bila sukari huenda moyo nao ukafaidika. Huenda. Neno hilo hulikokota, ili mtu asije akasema hakulisikia.

Mwanamke huyu wa asili ya Maniema hakuzaliwa na ukaidi huo. Miaka sita iliyopita mumewe, Yuma, aliacha vidonge vya presha kwa ajili ya chai ya kijani ya paketi. Chadia mwenyewe ndiye aliyempikia. Aliichemsha kwenye mbabula asubuhi nzima, makaa yakiwaka, kama tunavyochemsha chai ya msibani, mpaka ikawa nyeusi na chungu. Kwetu kitu kikiwa kichungu tunakiheshimu, tunasema hiyo ndiyo dawa. Yuma alikunywa vikombe vitatu kwa siku, akimshukuru mkewe kwa kila kikombe, na kabla ya mvua kuanza walimzika. Chadia hajajisamehe, na hataki mtu amwambie ajisamehe.

Ndiyo maana damu ilimchemka Jumatatu moja alipomwona Honorine, jirani yake wa meza, muuza samaki wakavu, akimimina kitu cheusi kutoka kwenye chupa ya chai.

“Honorine, comprimés yako ya tension iko wapi?” aliuliza, akimaanisha vidonge vyake vya presha.

“Nilisha kuacha, yaya, dada mukubwa. Mwezi muzima sasa. Papa Jean-Claude anasema hii inamaliza tension. Na iko buchungu sana, unaona?”

Jean-Claude, muuza chai mwingine, alikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, shati limenyooka, akigawa paketi zenye picha ya mwanamke mwembamba na orodha ndefu ya magonjwa. Alisikia, akatabasamu.

“Mama Chadia, weye unaogopa concurrence tu,” alisema, kana kwamba ni ushindani wa biashara.

Hapo alikosea. Chadia alichukua paketi moja, akaipasua, akaimwaga kwenye sahani nyeupe: vumbi, vijiti, vipande vya manjano. Kando yake akaweka majani yake mwenyewe, mazima, yaliyojikunja, yanayonukia kama nyasi iliyokatwa asubuhi. Kisha akatia kila aina katika glasi ya maji baridi. Ya Jean-Claude yakatoa kijani papo hapo, kama kitenge cha bei rahisi kinavyochuja. Yake yakakaa kimya, na maji yakabaki meupe.

“Hii banaipaka rangi,” alisema. “Chai ya muzuri inangojea mayi ya moto. Na haitaki kupikwa. Unamwangia mayi, unangoja minute tatu, unakunywa.”

Wapita njia wakacheka, wakasogea, mikono tayari na pesa. Angeweza kuuza meza nzima kabla ya adhuhuri.

“Basi yako njo inaponyesha tension?” Jean-Claude aliuliza.

“Hapana. Yangu nayo haiponyeshe. Bwana yangu alikunywa chai, akaacha comprimés, akakufa. Miye njo nilimupikia.”

Mikono ikarudi nyuma. Wengine walimfuata Jean-Claude na paketi zake, maana mtu mgonjwa hutaka kuambiwa atapona. Chadia hakuwatazama. Alikuwa akimtazama Honorine, ambaye alifungua polepole pembe ya kitenge chake. Vidonge vilikuwa humo, vyote, kwa sababu hakuwahi kupata moyo wa kuvitupa.

“Usimeze kwanza,” Chadia alisema. “Twende bakupime.”

Akafunika meza yake saa ile ile ambayo soko hufurika, akamshika mkono. Kwenye kituo cha afya muuguzi alipima, akapima tena, akamlaza Honorine kitandani bila kuuliza ruhusa ya mtu. Alibaki humo siku nne.

Wiki iliyofuata mteja mmoja alisimama mbele ya Chadia akauliza kama chai yake inaponya presha. Chadia alifungua kinywa, lakini Honorine alimtangulia kutoka nyuma ya samaki wake.

“Haiponyeshe,” alisema. “Uliza miye.”