Miksa Yenye Mashimo

Fundi Sikio hakuwa mchoyo. Chakula chake ungekula, shati lake angekuvulia. Lakini miksa yake, ile mashine ndefu ya kuchanganyia sauti, weee! Ukisogeza kidole tu utasikia, "Usiguse!" Hata bintiye wa pekee alilelewa kwa neno hilo mpaka akachoka, akaenda kurekodi nyimbo kwenye studio ya watu, ambako aliruhusiwa kugusa.

Sasa miksa ya zamani ilikuwa imekata roho, na mzee alitaka mawili: mashine mpya, na mwanawe arudi. La kwanza alilitangaza mtaa mzima. La pili lilimkwama kooni. Akampigia simu: "Njoo unisaidie kuchagua, mama. Kuchagua tu."

Dukani waliziona mbili. Moja imejaa chaneli, zile njia za kupitishia sauti, mwanzo hadi mwisho, inang'aa. Nyingine nusu yake ni nafasi tupu zilizofunikwa vibati. Siku ukitaka kuongeza chaneli, unafungua kibati, unachomeka.

"Ninunue mashimo?" mzee akamaka. "Kwani mimi panya?"

Muuzaji akacheka. Binti hakucheka. "Hiyo iliyojaa ni nzuri, baba. Ila ni ya kwako peke yako. Umeshaimaliza kabla haijatoka dukani."

Mzee akafumba macho, kama kawaida yake akipima sauti, akasikiliza wimbo uleule kwenye zote mbili. Aliomba ile ya vibati ikwaruze kidogo, apate sababu. Wapi! Zilifanana kama pacha.

"Nipe yenye mashimo," akasema.

Studioni wakafunga nyaya pamoja. Kisha mzee akabandika utepe wa karatasi chini ya chaneli, kama wafanyavyo mafundi wa sauti, akaandika: ngoma, besi, gitaa, mwimbaji. Alipofika kwenye vibati akasita. Akabandika utepe mtupu, akaiacha kalamu papo hapo, akaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Huko jikoni alisimama akimwomba Mungu, mtu mzima na mvi zake.

Aliporudi, alimkuta bintiye amekalia kiti cha fundi, amekunja mikono. Kwenye ule utepe mtupu ameandika kwa herufi kubwa: USIGUSE, BABA.

Mzee alicheka mpaka chai ikamwagika sakafuni. Akavuta stuli, akakaa pembeni ya mwanawe, na mikono yake akaikalia.