Bei ya Bastola ya Mjerumani

Mama alinipigia simu asubuhi nikiwa dukani kwangu Nachingwea, nashona sare za shule. Hakusubiri hata nimwamkie.

"Funga cherehani uje. Mjomba wako amepata mali."

Mjomba ni kaka yake mkubwa, na nyumbani kwetu Nandagala hakuna ambaye angeuliza mali gani. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akitafuta mali iliyofukiwa na Wajerumani. Alishachimba kando ya mto, akachimba nyuma ya ghala bovu, na msimu mmoja akachimba katikati ya ufuta wa mke wake, ambaye alimnunia mpaka mavuno. Safari hii hata hakuwa anatafuta. Alikuwa anamchimbia mama choo kipya. Alipofika usawa wa kiuno, sururu ikagonga bati. Lilikuwa sanduku lililoliwa na kutu, ndani yake ngozi iliyooza, na ndani ya ngozi bastola.

"Iko wapi sasa?" nikauliza.

"Kwenye ungo."

"Ina risasi?"

"Mimi nitajuaje? Iko kama kufuli bovu."

Nilikimbilia kwa baba mkwe wangu, mwanajeshi mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye ghala la silaha. Aliacha chai yake mezani. "Mwambie mama asiiguse, wala mtu mwingine yeyote. Mtendaji wa kijiji aite polisi. Silaha bila kibali ni kesi, hata ikitoka ardhini." Nikapiga simu, kisha tukapanda basi hadi Ruangwa, na kutoka pale bodaboda mbili.

Tulikuta uwanja umejaa. Ungo ulikuwa juu ya kinu kilichopinduliwa, umefunikwa kanga, na mama amesimama pembeni akiwafukuza watu kwa mwiko. Mjomba alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Mtendaji alikuwa ameshapiga simu polisi, lakini hilo halikuzuia mnada.

Aliyekuwa amefika bei ya juu ni jirani yetu mfugaji, Msukuma aliyehamia na familia yake miaka michache nyuma. Yeye na mama walikuwa hawasemeshani. Ng'ombe wake waliwahi kuingia kwenye mbaazi za mama, na tangu hapo wakikutana njiani kila mmoja alikohoa tu na kupita.

"Natoa mtamba mmoja," alisema. "Fisi wananimalizia ndama."

"Mtamba?" Mjomba alicheka kwa dharau. "Hii ni ya ofisa wa Kijerumani! Ulaya kuna watu wanalipia gari zima. Mimi nataka bati za nyumba mbili na nauli ya Makka."

"Mitamba miwili."

Nilimwona mama akimtazama kaka yake kwa macho ya kumsihi akubali.

Baba mkwe alisalimia, kisha akawaomba watu wote warudi nyuma mpaka kwenye mikorosho. Alifunua kanga taratibu kwa vidole viwili. Hakuigusa bastola. Aliinama, akauzunguka ungo, akaangalia kwa muda mrefu. Mwishowe alimwita mjomba na yule jirani wasogee kidogo.

"Mkwe," alimwambia mjomba, "hujadanganywa. Vitu hivi kweli vinanunuliwa, na kwa fedha nyingi. Lakini anayenunua ili akapigie anataka mtutu unaong'aa ndani, springi zinazofanya kazi, na risasi zinazopatikana. Anayenunua ili aiweke kabatini anataka namba zinazofanana kwenye kila kipande, rangi ya kiwandani, na mkoba wake wa ngozi ukiwa mzima. Mkoba peke yake unaweza kuongeza bei sana. Na huko kwao wananunua kwa kibali."

"Na hii?"

"Namba zimeliwa. Mtutu umejaa udongo uliogeuka jiwe. Mkoba umekuwa mboji."

"Ya kupigia fisi, je?" jirani akauliza.

"Ya kupigia, hii hata ukipewa bure ni ghali. Fisi ataondoka salama, wewe utabaki bila mkono."

Jirani alitazama mkono wake, akautikisa, akaanza kucheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko yeye. Watu wa kwenye mikorosho wakaangua kicheko nao, hata waliokuwa hawajasikia. Mjomba peke yake hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, kanzu ikaburuza vumbini, na nilimwonea huruma. Ni jambo gumu kutafuta kitu miaka yote hiyo, ukakipata, kisha ukaambiwa hakiuziki.

Polisi walifika mchana, wawili, na mkubwa wao alikuwa dada mpole mwenye daftari. Aliuliza nani aliyeiona kwanza, na imefikaje pale. Alitarajia sentensi mbili. Mjomba akainua kichwa. Alianza na babu yao, aliyechukuliwa akiwa kijana kubeba mizigo ya jeshi la Wajerumani wakati wa vita, jinsi walivyopita Chinongwe kwa miguu wamefungwa masanduku mgongoni, wakila mizizi, na jinsi babu alivyotoroka usiku mmoja akarudi kwao akiwa na kovu la kamba begani, ambalo mjomba alilishika kwa mikono yake mwenyewe alipokuwa mtoto.

Sijawahi kumsikia akisimulia vile. Mama mwenyewe alikuwa hajui habari ya kovu. Alipomaliza, yule dada alifungua ukurasa mwingine. "Rudia hapo kwenye kamba, mzee. Wakija watu wa makumbusho wataulizia hili kabla ya chuma." Mjomba akarudia, safari hii amesimama, na mikono ikimsaidia.

Walipoondoka na ule mzigo ndani ya sanduku lenye mchanga, hakuna mtu aliyetaka kwenda kwake. Mama alipika ugali na kisamvu cha nazi. Jirani alituma mtu nyumbani, na baadaye mke wake akaja na kibuyu cha maziwa ya mgando. Mama alionja, akaonja tena.

"Kumbe mbaazi zangu ndizo zilizotia utamu maziwa ya ng'ombe wako," alimwambia jirani.

"Wabeja, mama," jirani alishukuru kwa Kisukuma akiinamisha kichwa. "Nitafunga uzio. Nilipaswa kuufunga zamani."

Aliufunga wiki ileile, wa miti na miiba, na mjomba akamsaidia, akisimulia habari ya babu kwa sauti mwanzo hadi mwisho. Siku hizi nikienda nyumbani namkuta mke wa jirani uani kwetu, wanabangua korosho pamoja na mama, mmoja anaongea Kimwera, mwingine Kisukuma, Kiswahili kikiingia pale wanapokwama. Na wakiniona, wote wawili wananipa kigoda na kuniagiza nishike korosho.