Glavu ya Mpanda Mawingu

Vumbi likiungua juu ya taa ya projekta hutoa harufu ambayo sijaikuta kwingine, kama nywele zilizokaribia moto ndani ya chumba cha bati lililopigwa na jua. Asubuhi niliyoondoka Bukavu harufu hiyo ilikuwa bado imo ndani ya sweta yangu, au labda pua yangu ilikuwa imeikariri tu. Nilitoka Kadutu, mtaa wetu, kabla ukungu haujainuka kutoka ziwani, wakati akina mama wanaouza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, walikuwa ndiyo kwanza wanapanda kilima na mabeseni yao, na sikumuaga mtu. Sikuwa na mpango. Mtu mwenye mpango huaga. Nilikuwa na miaka kumi na minne, shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, na katika nyumba ya babu yangu hapakuwa tena na mtu ambaye angeuliza nimekwenda wapi. Aliyekuwa akiuliza alikuwa ameondoka kabla yangu, na aliondoka kwa sababu ya filamu. Najua jambo hilo linasikika kama mzaha. Ndiyo maana naliandika.

Mama mdogo Nsimire alikuwa ndugu wa mwisho wa mama yangu. Alirudi kutoka kwa mume bila mtoto, na kwetu mwanamke wa namna hiyo hupewa kazi nyingi na nafasi ndogo ya kusema. Akitoa neno wakati wa kula, wajomba waliendelea kuongea juu ya sauti yake kana kwamba ni mvua inayogonga paa. Lakini alikuwa amesoma kwa masista, Kifaransa chake kilikuwa safi, na kila Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa matofali ulio nyuma ya soko, ndiye aliyesimama kando ya kitambaa cheupe, maikrofoni mkononi, akitueleza filamu kwa Kiswahili. Hapo hakuna mjomba aliyemkatiza. Nilikuwa nikilala chumbani mwake, kwa hiyo nilijua alivyojitayarisha tangu Ijumaa: akichambua maharagwe huku midomo yake ikicheza, akipima sentensi kimya kimya, akitabasamu peke yake. Wiki yake nzima ilikuwa na saa mbili tu, na zote zilikuwa za Jumapili.

Msimu ninaoukumbuka, barabara zilikuwa zimekatwa na mvua na filamu mpya hazikufika. Tulibaki na moja, Jumapili baada ya Jumapili: habari za mtu mwenye joho la manjano ambaye mchana huoka mikate na wakati wa hatari huruka angani. Sisi tulimwita Mpanda Mawingu. Filamu hiyo ilikuwa na mikanda minne, na wa tatu ulikuwa umepotea safarini. Hakuna aliyejua wapi. Mwisho wa mkanda wa pili daraja linavunjika, baba yake Mpanda Mawingu anatumbukia mtoni, naye anashuka kumfuata. Mwanzo wa mkanda wa nne amesimama peke yake juu ya paa, mkono mmoja una glavu na mwingine uko mtupu. Katikati hapakuwa na kitu. Hivyo mkanda wa pili ukiisha, fundi wa projekta alizima taa ipoe, madirisha yakafunguliwa, na katika mwanga wa mchana, watu wote wakimtazama yeye usoni, Mama mdogo alituhadithia mkanda wa tatu kutoka kichwani mwake.

Alihadithia hivi. Mpanda Mawingu alimfikia baba yake na kumshika mkono. Mtu anayeinua malori, je, atashindwa kumwinua mzee mmoja? Lakini maji yalikuwa ya baridi, mzee alikuwa ameshika glavu, na glavu ilikuwa imelowa. Ikaanza kuchomoka, kidole kwa kidole. Mama mdogo hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono wake mwenyewe mbele yetu na kuutazama kana kwamba kuna kitu kinauponyoka. “Nguvu alikuwa nazo,” alisema. “Kilichokosekana ni mahali pa kushika.” Mzee akaenda na glavu. Nilisikia hayo kila Jumapili.

Si wote walioipenda hadithi ile. Penye wengi pana mengi, na Kadutu tulikuwa wengi. Kwenye bomba la maji, ndoo zikisubiri zamu, watu waligawanyika kama mashabiki wa timu mbili, waliotaka kilio na waliotaka kicheko. Rafiki yangu Bisimwa, ambaye nilifanya naye kila kitu, hata kuacha shule, alikuwa upande wa kicheko. “Muntu anaruka kama ndege, halafu iko analia? Huyo ni shujaa wa namna gani?” Nilimjibu kwamba shujaa akichekacheka hakuna atakayeogopa kwa ajili yake, na usipoogopa kwa ajili yake, hadithi ni picha zinazopita tu. Bisimwa aliweka ndoo yake chini. “Sikia, muzee wangu. Nyumbani naliaka bure. Pale nalipa. Nilipe ili nilie?” Alikuwa amemzika dada yake mwezi ule. Mama mmoja mbele yetu akageuka: “Nyinyi watoto, filamu iko ya watu ya Ulaya, kilio chao kinawahusu nini? Songeni, maji inatoka!”

Upande wa kicheko ulikuwa na mtu wake. Mweze, fundi cherehani wa sokoni, aliweza kumchekesha hata mtu anayeumwa jino. Wakamtaka ashike maikrofoni. Uamuzi ulikuwa wa jeran, msimamizi wa ukumbi, mtu mpole aliyependa amani na viti vilivyojaa. Alisema kila mmoja apewe Jumapili moja ahadithie mkanda wa tatu, na yeye ataamua kwa masikio yake. Alisema kwa masikio kwa sababu hakuwahi kuingia. Kiti chake kilikuwa nje, mlango wa mbele, akizuia watoto wasipenye bure, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutazama filamu hata moja.

Jumapili ya kwanza ilikuwa ya Mama mdogo. Alivaa kitenge alichokuwa akikihifadhi kwa Pasaka. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Watoto wachanga walinyamaza. Mwanajeshi mmoja aliyekaa mbele alivua kofia na kuiweka magotini, hajui anafanya nini. Glavu ilipochomoka hakuna aliyekohoa, na Mama mdogo alipomaliza aliacha mkono wake hewani kidogo, na ukumbi mzima ukauangalia mkono ule mtupu. Nilijua ameshinda. Ndipo tukafanya kosa ambalo labda watu wa kwetu tu wangelifanya. Kwetu mtu mzima aliyelia hadharani hapiti mbele za watu. Huinamisha uso na kutafuta njia ya pembeni. Filamu ilipokwisha, karibu wote walitoka kwa mlango mdogo unaoelekea bondeni, mmoja mmoja, bila kusalimiana. Jeran alikuwa amekaa mlango wa mbele akingoja, na waliopita kwake walikuwa wachache, wale ambao hawakuguswa.

Jumapili ya pili Mweze alisimama, akajikuna kichwa, akasema Mpanda Mawingu alipofika darajani alikuta kizuizi cha askari. “Citoyen, unaruka na kibali cha nani? Joho hii iko na karatasi ya kodi? Sina kalamu ya kuandika faini, mimi. Toa ya kahawa.” Hana kitu, askari akachukua glavu. Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Hata yule mwanajeshi wa mbele alijipiga mapaja kwa furaha, na mimi pia nilicheka mpaka mbavu zikauma, siwezi kukana. Walitoka wote kwa mlango wa mbele, wakimpiga jeran mabegani: “Papa, leo umetupa!” Nilikuwa nimefika kwenye kona ya soko nilipogundua kwamba Mweze hakusema lolote kuhusu baba. Tulikuwa tumemwacha majini, na hakuna aliyemwulizia.

Jumatatu jeran alikuja nyumbani mwenyewe, kwa heshima, akakataa kiti. “Maman Nsimire, usinikasirikie. Mimi nilikuwa pale mulangoni. Siku yako watu walilala. Sikusikia hata mutu moja.” Nilidhani Mama mdogo atamweleza. Nilitaka kumweleza mimi, lakini mjomba alikuwa tayari ameanza kucheka: “Hata kwa sinema unawalaza watu, dada?” Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini hawakuwahi kuketi kwenye mlango ule. Mama mdogo alijibu, “Asante kwa kuja, Papa,” akarudi kwenye maharagwe. Midomo yake haikucheza tena, Ijumaa ile wala nyingine. Waliolia kwa ajili yake walimsalimu njiani kwa upole kama mfiwa, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kwa jeran kusema kwamba alikuwa amelia. Mvua zilipokoma alikwenda Bunyakiri kulima kwa binamu yake. Kitanda chake alipewa mjomba.

Kwa hiyo mvua ziliporudi, asubuhi ile ya ukungu, nilipanda lori la kwanza lililokubali kunibeba, juu ya magunia ya chumvi, na sikuuliza linakwenda wapi mpaka tulipokuwa tumeipita Walungu. Lilikuwa linakwenda Kamituga. Tulikwama, tukasukuma, tukakwama tena, na tulipofika mchana wa siku nyingine mvua ilikuwa ikimwagika juu ya mji wa matope na wachimbaji dhahabu. Mama mmoja aliyepikia wachimbaji aliniita chini ya paa lake. “Mutoto wa nani, wewe? Unajua kazi gani?” Nilisema najua filamu. Wachimbaji waliokuwa wakisubiri mvua ipite walicheka: haya, lete hiyo filamu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikaanza kama Mama mdogo, polepole, nikanyoosha mkono, na wote wakanyamaza. Kimya kile kikanitia hofu. Nilihitaji mahali pa kulala, na sikujua kama wananisikiliza au wamechoka nami. Nikaweka kizuizi darajani. Nikaweka askari asiye na kalamu. Wakacheka, wakanipa nafasi karibu na moto, na yule mama akanitandikia mkeka.

Siku hizi, kokote ninakolala, nakuta vijana wameinamia simu wakibishana ugomvi wetu ule ule: mashujaa wanaoruka wamezidi mizaha, hapana, wamezidi huzuni. Filamu zao zina mikanda yote, na wanaweza kuandika walichohisi bila kupita mlango wowote. Wanasema hata filamu za zamani zinapatikana, niwatajie moja waitafute. Sijawahi kuwatajia ile. Usiku ule, wachimbaji walipotawanyika, yule mama wa Kamituga alibaki ameshika mwiko, akiniangalia. “Na baba yake?” aliuliza. “Baba yake alipata kutoka?” Nilijilaza kwenye mkeka aliokuwa amenitandikia, nikafanya kama nimelala.