Mkono Uliokwenda Kwenye Mtandio

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hucheka peke yangu. Nilikuwa muuguzi kijana pale Kibiti. Kipindupindu kilikuwa kimeingia kijiji kimoja cha visiwani, huko huko alikoishi bibi yangu mzaa mama. Boti ingeondoka Nyamisati kesho yake asubuhi, na waliofuzu mazoezi ya kujikinga tu ndio wangepanda.

Mwalimu wetu, Bi Zuhura, alikuwa muuguzi mzee, mpole wa sauti. Alikoroga buluu ya kufulia ndani ya beseni, akaimwaga sakafuni, akasema, "Haya ndiyo matapishi ya mgonjwa. Safisheni, kisha vueni glavu. Atakayeonekana na buluu mwilini, huyo keshaugua."

Nilimaliza wa kwanza. Glavu nilizivua vizuri, ndani nje, nikasimama nimeshika kiuno. Watu wakaangua kicheko.

"Dada Mwanaidi," akasema Bakari, mwenzetu kutoka Mohoro, "siku hizi wanja unapakwa kwenye paji la uso?"

Kumbe wakati nasafisha mtandio uliteleza, nami nikaurudisha kwa glavu ile ile. Sisi wanawake wa huku mkono huenda wenyewe kwenye mtandio, wala hatuutumi. Nilihamaki, nikadai Bakari ndiye aliyenirushia buluu.

Bi Zuhura hakunigombeza. Alinivuta kando, taratibu.

"Mjukuu wangu, mtandio si kosa. Bakari naye hashibi kujishika ndevu. Kosa ni kukataa kuambiwa. Mficha uchi hazai. Kule kisiwani hakuna buluu ya kukuonyesha. Utatoka kwa mgonjwa, umshike bibi yako kwa mkono huo huo."

Nikamfuata Bakari, nikamtaka radhi. "Nitazame. Mkono ukipanda tu, nipigie kelele."

"Na ndevu zangu je?"

"Nitakuzomea."

Nikaufunga mtandio kisogoni, nikaubana kwa pini, tukarudia mpaka alasiri. "Mwanaidi, mtandio!" "Bakari, ndevu!" Chumba kizima kikadakia, na kila mtu akapata wa kumpigia kelele. Mwisho Bi Zuhura alinikagua uso kama achambuaye mchele, akasema, "Nenda kapande boti."

Bibi nilimkuta mkekani, hana nguvu hata ya kuitikia shikamoo. Nilimnywesha maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, Bakari nyuma yangu akinikumbusha. Siku ya tatu bibi alifumbua macho akauliza, "Huyu kijana ana ugomvi gani na mtandio wako?" Nilicheka na machozi yananitoka. Bibi amepona!

Basi mwanangu, unayeanza kazi hii, jifunze kuvaa na kuvua, lakini usiingie kwa mgonjwa peke yako. Chukua mwenzako akutazame, nawe umtazame. Akikuonya, shukuru kwanza; kama ni kununa, utanuna ukishanawa mikono. Mungu akupe masikio yenye kusikia, na wagonjwa wako wainuke wakiulizia chakula. Amina.