Kitundu cha Ukoo

Fundi cherehani mmoja, mwanamke, alizaliwa na kitundu shingoni, upande wa kulia, karibu na mfupa wa mtulinga, kidogo kama tundu la sindano. Akipata mafua, kilitoa ute. Shuleni walimwita Bomba, naye badala ya kununa akaitika. Alipofungua kibanda cha ushonaji, akaandika jina hilo hilo juu ya mlango, na wateja wakalipenda.

Kitundu hakikumnyima usingizi mpaka alipojifungua binti. Siku ya tatu mama mkwe, akimwogesha mjukuu, aliona kitundu kama hicho pale pale shingoni mwa mtoto. Baadaye, wakila, akaanza kuzunguka mbuyu: eti mjamzito anayeshinda na sindano anatarajia nini? Mume akainamia sahani yake.

Bomba hakubishana. Asubuhi alimbeba mtoto kifuani, akamwomba mama mkwe amsindikize hospitali.

Daktari wa koo, mama wa makamo asiye na haraka, aliwachorea kwenye karatasi. Mimba ikiwa na wiki tano hivi, alieleza, mtoto hafikii hata punje ya harage, na penye uso na shingo pana mikunjo tu, mmoja chini ya mwingine. Wa kwanza hutoa taya. Wa pili hukua ukishuka, ukafunika mifereji iliyo chini yake, na shingo ikawa laini. Mara chache kijia hubaki bila kuziba, na mdomo wake ndio kitundu.

"Kwa hiyo si sindano?" mama mkwe aliuliza.

"Si sindano, mama. Wiki hizo wengi hawajui hata kama wana mimba. Wakati mwingine hufuata ukoo tu."

Mama mkwe alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua. "Nisamehe, mwanangu. Nilisema nisilolijua."

Daktari alishauri vijia vyote viwili viondolewe, cha mtoto akikua kidogo.

"Nianze mimi," Bomba alisema. "Nikijua kunavyouma, nitajua kumbembeleza."

Akafanyiwa upasuaji. Kijia kilikuwa kimepanda hadi karibu na tonsili, kikatolewa chote. Binti alifuata alipotimiza miaka miwili, na bibi yake ndiye aliyelala naye wodini.

Siku hizi jirani akijifungua mtoto mwenye kasoro ya mdomo au shingo, mama mkwe hufika kabla ya umbea. Hukaa kitandani, akapanga vidole kimoja juu ya kingine, akaanza kueleza mikunjo.